Mfanyabiashara wa mpakani asome wati kabla ya bei

Port Bell ilijengwa kwa ajili ya mizigo mizito. Gati lake, lililopo Luzira upande wa kusini-mashariki wa Kampala, lina reli inayoingia hadi ndani ya meli, ili behewa livuke ziwa na kuendelea na safari bila kupakuliwa. MV Umoja ya Tanzania, pamoja na MV Kaawa na MV Pamba za Uganda, zilitengenezwa kwa kazi hiyo miaka ya 1960 na 1980. Mzigo unaopita hapo una karatasi zake: nani kautuma, una uzito gani, unakwenda wapi, umelipiwa nini.

Pembeni ya mizigo hiyo ipo biashara nyingine ya ziwa ambayo karatasi zake ni chache. Ni ya mtu anayenunua mabirika sita ya umeme na pasi nne Kikuubo, friji moja ya mteja aliyeagiza, redio zenye spika kubwa na katoni ya balbu, kisha anatafuta njia ya kuvifikisha visiwani, Mutukula, Bukoba, Busia au Kisumu. Kila kituo atapatana bei ya usafiri, na forodha ataulizwa thamani. Mteja naye atauliza bei na rangi, na pengine jina la kampuni. Ni nadra mtu yeyote katika msururu huo kuuliza kifaa kinakula umeme kiasi gani.

Swali hilo linafaa kutangulia mengine yote, na mtu wa kulijibu ni mfanyabiashara mwenyewe, kwa sababu kadi ya mita na simu ya kununulia tokeni viko mkononi mwa mteja wake. Uganda wanaita Yaka, Tanzania wanaita LUKU, Kenya wanasema tokeni tu. Kote huko mtu wa kawaida hulipia umeme kabla ya kuutumia, na huona kwa macho yake uniti zikipungua. Friji ikianza kula, lawama haiendi kwa kiwanda cha ng'ambo. Inakwenda kwa mama au kijana aliyeileta.

Wati na uniti huchanganywa kila siku, hata na wauzaji wa miaka mingi. Wati ni kasi ya kifaa kuvuta umeme. Uniti ni jumla ya kilichovutwa: wati 1,000 kwa saa moja ndiyo uniti moja. Kwa hiyo balbu ya zamani ya wati 100, ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30 itakula uniti 15. Uniti 15 ndizo zile ambazo nyumba ya Uganda huuziwa kila mwezi kwa bei ya msamaha ya shilingi 250, kabla ya bei kupanda hadi zaidi ya shilingi 750. Maana yake ni kwamba balbu moja tu inaweza kumaliza msamaha wote wa mwezi kabla ya simu kuchajiwa na kabla ya pasi kupata moto. Balbu ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60 ingekula kwa saa hizo hizo uniti 1 na kidogo. Hata zikiwekwa mbili, hazifiki uniti 3.

Upande wa pili, wapo wateja wanaokataa birika la wati 2,000 kwa hofu kwamba "linakula sana", wakachukua la wati 1,000. Hofu hiyo haina msingi. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya kawaida kunahitaji takriban sehemu 16 za mia za uniti, liwe birika kubwa au dogo. La wati 2,000 litamaliza kwa dakika 5 hivi, la wati 1,000 litachukua 10, na kwenye mita hesabu ni ile ile. Likichelewa zaidi hata hupoteza joto zaidi njiani. Anayemwogopesha mteja kwa namba kubwa ya birika, kisha akamuuzia friji kuukuu kwa sababu imeandikwa wati 150 tu, amemfanyia hesabu kinyume.

Friji ndiyo mtihani wenyewe. Birika hufanya kazi dakika chache kwa siku, friji haizimwi. Kompresa yake huwaka na kujizima, na muda wa kuwaka hutegemea mpira wa mlango, unene wa ukuta, gesi iliyobaki ndani na joto la chumba. Friji mbili zenye wati 150 kwenye kibandiko zinaweza kutofautiana mara tatu au nne kwa matumizi ya mwezi: moja hupumzika muda mrefu, nyingine haipumziki kabisa. Ndiyo maana wati peke yake hazitoshi kwa friji. Namba ya kutafuta ni uniti kwa mwaka, ambayo kwenye vibandiko vingi huandikwa kWh. Ikigawanywa kwa 12, mteja anapata uniti zake za mwezi.

Hapo ndipo mpaka unapoingia katika hesabu, na ndipo wafanyabiashara wengi hawajapaangalia. Bei ya umeme katika nchi za Jumuiya imepangwa kwa ngazi, na kila nchi ina ngazi zake. Kifaa kibovu hakiongezi uniti tu. Kinaweza kumhamisha mteja kutoka daraja moja hadi jingine.

Tuchukue nyumba ya Bukoba iliyo kwenye daraja la D1 la TANESCO, lile la watumiaji wadogo. Kwa viwango vilivyotangazwa 2016, mtumiaji huyo hulipa shilingi 100 za Tanzania kwa kila uniti ilimradi asivuke 75 kwa mwezi. Tuseme nyumba hiyo ilikuwa ikitumia uniti 50 kwa taa, televisheni na pasi: shilingi 5,000. Ikaletewa friji nzuri inayokula uniti 21 kwa mwezi. Jumla inakuwa 71, bado iko ndani ya daraja, na malipo yanafika shilingi 7,100. Lakini ikiletewa friji mbovu inayokula uniti 3 kwa siku, ambayo ni 90 kwa mwezi, jumla inakuwa 140. Uniti za juu ya 75 hutozwa shilingi 350 kila moja, na anayeendelea kuvuka huhamishiwa daraja la T1 ambako kila uniti, hata ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi. Uniti 140 kwa 292 ni shilingi 40,880.

Kutoka 7,100 hadi 40,880. Tofauti hiyo hailetwi na friji peke yake, kwa kuwa hata taa ambazo jana zilikuwa za shilingi 100 leo ni za 292. Na friji hiyo huenda ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa nafuu.

Nyumba kama hiyo ikiwa Luzira hesabu inabadilika sura. Uganda uniti 15 za kwanza ni shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80 bei iliyowekwa 2025, mwaka ambao UEDCL ilichukua usambazaji kutoka Umeme, ni shilingi 756.2. Kisha, kinyume na majirani, bei inashuka: kutoka uniti ya 81 hadi ya 150 ni shilingi 412, ngazi iliyowekwa ili watu wapikie umeme badala ya mkaa. Nyumba yenye friji nzuri, uniti 71, italipa takriban shilingi 46,100. Yenye friji mbovu, uniti 140, italipa takriban 77,600. Yote hayo ni kabla ya VAT. Maumivu hayafanani na ya Bukoba kwa sababu ngazi ya kupikia imeyapunguza, lakini shilingi zaidi ya 31,000 kila mwezi ni zaidi ya 378,000 kwa mwaka, na friji hukaa miaka mingi jikoni. Tena uniti zile za bei nafuu zilizowekwa kwa ajili ya sufuria zimeliwa na kompresa.

Kenya nayo ina mlango wake. Tangu Aprili 2023 daraja la chini kabisa la Kenya Power linaishia uniti 30 kwa mwezi, baada ya kushushwa kutoka 100. Nyumba ya Kisumu au Busia iliyokuwa ikijitahidi kubaki ndani ya 30 haiwezi kubeba hata friji ya wastani bila kuhama daraja. Muuzaji mwaminifu anapaswa kumwambia mteja wake hivyo mapema, hata kama maneno hayo yatamkosesha mauzo ya siku hiyo.

Kwa hiyo kifaa kile kile kina gharama tatu tofauti katika pwani tatu za ziwa moja. Mfano mzuri ni jiko la presha la umeme, lile la lita 6 lenye wati 1,000. Kwa kuwa limefunikwa vizuri na hujizima likishapata presha, linaweza kuivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti, wakati koili ya wazi huweza kula uniti moja na nusu au zaidi kwa chungu hicho hicho. Uganda, nyumba ambayo tayari imefika uniti 80 itaivisha maharage hayo kwa shilingi 206 hivi za ngazi ya kupikia. Ni vigumu kuona mkaa wa Kampala ukishindana na bei hiyo. Tanzania, yenye mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, jiko hilo hilo lina maana kwa mtu wa T1 na lina maana zaidi kwa mtu wa D1 mwenye uniti za akiba chini ya 75. Aliye kwenye uniti ya 74 anahitaji kuambiwa ukweli.

Mfanyabiashara anayejua haya ana bidhaa mbili za kuuza, jiko lenyewe na hesabu yake. Asiyejua ana bei tu, na kwa bei atapigwa siku zote na mwenye duka kubwa.

Hesabu hii huanzia nyuma ya kifaa, kwenye kibandiko kidogo cha fedha ambacho wengi hukiacha nje ya mazungumzo. Kibandiko cha kweli kina namba zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Birika likiandikwa 220-240V na 1850-2200W, namba hizo si za kubahatisha: kifaa cha koili kinachovuta wati 2,200 kwenye volti 240 kitavuta wati 1,850 hivi kwenye volti 220. Zikiandikwa ampia, wati ni volti mara ampia, kwa hiyo wati 2,000 kwa volti 240 ni ampia 8 na kidogo. Kibandiko kinachosema wati 2,000 na ampia 4 kwa volti 240 kimeandikwa na mtu asiyejali, na aliyetengeneza waya wake huenda hakujali pia. Birika la wati 2,000 lenye waya mwembamba kama wa redio ni la kurudisha dukani hata kama lina dhahabu.

Mchezo mkubwa kuliko yote uko kwenye spika. Maboksi ya sabufa huandikwa kwa herufi kubwa wati 5,000, wati 8,000, hata zaidi, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO. Hizo ni namba za kelele za sokoni. Soketi ya kawaida ya pini tatu za mraba, inayotumika Uganda, Kenya na Tanzania, imewekewa kikomo cha ampia 13, sawa na wati 3,120 kwa volti 240. Sabufa ya wati 8,000 haiwezi kuwepo kwenye soketi hiyo. Geuza kifaa nyuma, utakuta wati 40 au 60, na hizo ndizo zinazolipiwa. Kwa mteja mwenye tokeni hiyo ni habari njema kwa kweli, ingawa hakuna muuzaji anayeitangaza.

Kuna wateja ambao kwao kosa la wati haliji mwisho wa mwezi bali dakika ile ile. Visiwani na katika vituo vingi vya wavuvi umeme ni wa sola au wa jenereta ndogo ya petroli. Jenereta inayotoa wati 650 kwa kazi ya kudumu haiwezi birika la wati 2,000 hata kwa sekunde. Friza ya samaki yenye wati 150 inaonekana rahisi kwake, lakini kompresa inapoanza huvuta kwa muda mfupi mara kadhaa ya wati zake, na hapo ndipo jenereta hukohoa ikazima. Mvuvi wa sangara aliyenunua friza kwa mkopo akitegemea barafu ya asubuhi, akakuta samaki wamelegea, hana wa kumlilia isipokuwa aliyemwambia "hii haina shida na jenereta". Muuzaji akiwa na mazoea ya kuuliza swali moja tu, umeme wako unatoka wapi, ataokoa samaki na urafiki.

Swali la pili ni la plagi. Anayevusha vifaa kwenda mashariki ya Kongo au Burundi anatoka nchi za pini za mraba na kuingia nchi za pini mbili za mviringo. Wengi hukata plagi na kufunga nyingine. Plagi ya mraba ina fyuzi ndani yake, ile ya mviringo haina. Ukiikata, umeondoa ulinzi pamoja na pini. Kwa taa haina uzito mkubwa. Kwa pasi na birika ni jambo la kufikiriwa mara mbili, na adapta nzuri ni rahisi kuliko nyumba.

Na kuna Hz, herufi mbili ambazo husahauliwa hata na mafundi. Afrika Mashariki yote inatumia 50 Hz, sawa na Oman na Falme za Kiarabu. Saudi Arabia inatumia 60 Hz, na Marekani pia, tena kwa volti 120. Friji iliyotengenezwa kwa 60 Hz pekee, ikiwashwa hapa, mota yake huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita na kupata joto. Itapoza, mteja ataridhika, na itakufa mapema. Birika la Marekani la volti 120 na wati 1,500 likichomekwa kwenye volti 240 halivuti mara mbili bali mara nne, wati 6,000, kwa muda mfupi kabla ya moshi. Bidhaa hizi hufika kupitia makontena ya vitu mchanganyiko na mizigo ya jamaa walio ng'ambo. Kibandiko kikisoma 50/60Hz na 220-240V hakuna tatizo. Kikisoma 120V 60Hz, bei yake hata ikiwa sifuri bado ni ghali.

Hata hivyo haitakuwa haki kumbebesha muuza mabirika kazi yote. Serikali na Jumuiya zina deni hapa.

Sheria ipo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya viwango, ubora, vipimo na upimaji ya 2006 inaelekeza kwamba bidhaa yenye alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi moja mwanachama ipokelewe na nyingine bila kupimwa upya. Alama ya UNBS, ya KEBS au ya TBS inatakiwa kuvuka mpaka kama mwenye nayo. Hiyo ni hatua kubwa, na wafanyabiashara wa maziwa na sabuni wameifaidi. Lakini alama ya ubora husema kitu ni salama na kimefikia kiwango. Haimwambii mama wa Luzira kwamba friji hii itakula uniti 21 na ile 90.

Kinachosema hivyo ni lebo ya nishati. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2016, na friji inayouzwa kihalali Nairobi inapaswa kuwa na lebo ya nyota na uniti za mwaka, nyota moja ikiwa ya chini na tano ya juu. Majirani wanakwenda kila mmoja kwa mwendo wake. Matokeo yake ni kwamba mpaka wa Busia unaweza kuwa uchujio wa kinyume: friji yenye nyota chache isiyotakiwa upande mmoja inatafuta soko upande ambao nyota hazisomwi. Jumuiya ikifungua soko bila kufungua lebo, inaunganisha maduka na kuacha mita za watu kila moja na bahati yake.

Afrika Magharibi wameshaonja hili. Ghana ilikuwa jalala la friji kuukuu za Ulaya, nyingi zikila zaidi ya uniti 1,000 kwa mwaka, hadi marufuku ya kuziingiza ilipoanza kutekelezwa 2013. Serikali ilipiga hesabu ikaona ni rahisi kuzuia friji kuliko kujenga mtambo wa kuzilisha.

Uganda kwa sasa haina upungufu wa mitambo. Karuma ya megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024, na umeme wa Mto Nile umekuwa ukiuzwa Kenya tangu enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Wapo watakaosema basi, umeme upo, acha watu wale. Hoja hiyo inasahau anayelipa. Wingi wa megawati Karuma haujashusha uniti ya Luzira chini ya shilingi 750, na mkazi wa Bukoba hapewi punguzo kwa sababu maji ya Rufiji yamejaa. Hoja nyingine, kwamba mteja wa kipato cha chini hutazama bei ya kununulia tu, ina ukweli wa nusu. Hutazama bei ya kununulia kwa sababu ndiyo namba pekee anayoonyeshwa. Mtu yule yule anajua kwa kichwa tokeni ya shilingi 10,000 humfikisha siku gani.

Basi lebo iwe moja kwa nchi zote nane, na iandikwe kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, na hapa pangekuwa mahali pa kukitumia kwa faida ya mfuko badala ya hotuba. Namba moja kubwa ingetosha: uniti kwa mwezi. Nyota ni nzuri kwa duka lenye friji kumi zilizopangwa mstari. Muuzaji wa boti ana friji moja, na nyota tatu hazimwambii mteja kitu asicho na cha kulinganisha nacho. Uniti 21 zinamwambia.

Inashangaza kidogo kwamba Port Bell hiyo hiyo ndiyo iliyoipa jina bia inayotengenezwa hapo katika kiwanda kilichoanzishwa 1946, na kila chupa inayotoka huandikwa kiasi cha kilevi kilichomo, ili mnywaji ajue. Friji inayoipoza chupa hiyo inaweza kuuzwa, kuvushwa na kuuzwa tena bila neno.

Kituo cha Jumuiya cha nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, EACREEE, kipo Makerere tangu 2016, na kazi ya viwango vya pamoja vya taa na vifaa ni sehemu ya majukumu yake. Wataalamu wake hawahitaji ndege kuwafikia watu wanaobeba bidhaa hizo: kutoka Makerere hadi gati la Luzira ni safari ya mji mmoja, foleni ikiruhusu. Rasimu za viwango zikisomwa na mafundi na wafanyabiashara wa Port Bell, Mutukula na Busia kabla ya kupitishwa, maswali ya plagi zilizokatwa, ya friza za jenereta na ya vibandiko vilivyobandikwa upya yangeingia kwenye rasimu badala ya kuingia kwenye ripoti miaka mitano baadaye.

Wakati hayo yakisubiri vikao, kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kati ya soketi na plagi, kinachoonyesha wati zinazovutwa na uniti zilizokwisha kutumika. Mafundi wa umeme wanakijua na maduka ya vifaa vya umeme mijini huwa nacho. Chama cha wafanyabiashara wa mpakani chenye wanachama ishirini kinaweza kukinunua kwa mchango mdogo na kukiweka kwa fundi mmoja anayeaminika, karibu na mahali mizigo inapofungwa. Birika litapimwa kwa dakika 5. Sabufa itatoboa siri yake mara tu itakapowashwa. Friji iachwe usiku kucha na siku nzima, saa 24, mlango ukifunguliwa mara chache kama nyumbani, na namba itakayosomeka asubuhi ya pili iandikwe kwa kalamu nene ubavuni mwa boksi kabla halijapanda boti.